Daftari la Wiki: Mkono wa Jirani na Wajibu wa Serikali, Kasongo na Kabambare

Maisha ya mtaa katika Kasongo na Kabambare, teritwari mbili za kusini mwa jimbo la Maniema, husimama juu ya kazi ndogondogo zinazorudiwa kila wiki, ambazo kwa kawaida hazitajwi katika hotuba wala ripoti, kwa sababu anayezifanya ni jirani asiyelipwa. Teritwari ni ngazi ya utawala iliyo chini ya jimbo, na Maniema inazo saba. Chini zaidi, katika miji, huja kartie na avenyi, kila moja ikiwa na shefu wake, na mara nyingi yuko pia nyumbakumi, yaani mtu anayeziangalia nyumba chache zinazomzunguka. Daftari la wiki hii linapitia maji, njia, barza, wageni, chanjo na vyeti vya watoto, na mambo hayo yote yanaleta swali moja: mkono wa jirani unaishia wapi, na wajibu wa serikali unaanzia wapi? Shida nyingi za mtaa hukaa hapo wawili hao wanapokutana, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Chemchemi

Kaya nyingi huteka maji kwenye chemchemi zilizo chini ya miteremko, ambako wanawake na watoto hupanga bidoni, yaani vidumu vya lita 20, katika mstari ambao huheshimiwa hata mwenye bidoni akiwa ameondoka kwa muda. Chemchemi iliyojengwa vizuri ni kazi ya ustadi ingawa vifaa vyake ni vichache: jicho la maji huchimbwa mpaka kwenye mkondo wenyewe, hujazwa mawe na kokoto, hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji ya mvua yasipenye, kisha ukuta wa saruji huyakinga maji na kuyaelekeza kwenye bomba fupi, na mfereji huondoa yale yanayomwagika. Mfereji huo ukiziba, maji hutuama mbele ya bomba, miguu huyachafua, na bidoni huwekwa juu ya tope lilelile.

Kufyeka nyasi, kuzibua mfereji na kutengeneza uzio wa kuzuia mbuzi ni kazi ambazo jirani huziweza na huzifanya. Hatari kubwa zaidi hutoka upande wa juu, kwa sababu familia zinapoongezeka viwanja hukatwa, na choo kipya huchimbwa palipobaki nafasi, hata kama ni juu ya chemchemi, ingawa kanuni ya wataalamu wa maji hutaka choo kiwe walau mita 30 kutoka kwenye chanzo na upande wa chini wa mteremko. Jirani mmoja hawezi kumwamuru mwenzake afukie choo chake bila kuzua ugomvi wa miaka. Hilo ni jukumu la anayegawa viwanja. Vilevile kupima maji na kuleta klorini kwa wakati ni kazi ya huduma ya umma, na mahali ambapo mto Lualaba unabeba watu na bidhaa, na pamoja nao kipindupindu, kazi hiyo haiwezi kuahirishwa mpaka wagonjwa waonekane.

Njia na kinga

Kutoka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya jimbo, ni takriban kilomita 240, na reli inayokwenda huko kutoka Kongolo, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, inapita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba, upande wa Samba. Kwa hiyo mpunga, muhogo, karanga na mafuta ya mawese hutegemea barabara ya udongo, na mara nyingi hutegemea kinga, yaani baiskeli, ambayo haipandwi bali husukumwa: mwenye kinga hufunga fimbo kwenye usukani ili aiongoze akiwa pembeni, huimarisha fremu kwa vyuma, kisha hupakia magunia na bidoni mpaka tandiko halionekani. Mlimani watu wawili huisukuma pamoja, na kwenye mteremko mmoja huivuta kwa nyuma ili uzito usimshinde mwenye usukani.

Adui wa barabara ya udongo ni maji yasiyo na njia. Mfereji wa pembeni ukijaa mchanga, mvua hutembea katikati ya barabara, gurudumu la lori huchimba mahali palipolainika, na baada ya msimu mmoja huzaliwa shimo ambalo kinga hulikwepa kwa kuingia shambani kwa mtu. Ndiyo maana ulikuwapo utaratibu wa vizuizi vya mvua, ambao ulilisimamisha lori wakati wa mvua na kwa saa kadhaa baada yake mpaka njia ikauke, na ndiyo maana salongo, yaani kazi ya pamoja ya wakaazi, ambayo aghalabu hufanyika Jumamosi asubuhi, ingali na maana katika mitaa mingi.

Hata hivyo salongo ina historia inayotaka uangalifu. Wazee wanaikumbuka salongo ya miaka ya 1970 chini ya utawala wa Rais Mobutu, ilipokuwa amri, na kabla yake kilikuwapo kilimo cha lazima kilichowekwa kisheria na wakoloni mwaka 1917, ambacho kiliwafanya wakulima walime pamba kwa bei wasiyoipanga wao. Kizazi kilichorithi kumbukumbu hizo kina haki ya kuuliza jembe lake linafidia nini. Jembe linazibua mfereji, lakini halijengi daraja wala haliweki kalveti chini ya barabara. Kwa kazi hizo nchi ilianzisha mwaka 2008 mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, ujulikanao kwa kifupi kama FONER, ambao hupata fedha kutokana na tozo ya mafuta na ushuru wa barabarani. Kila anayenunua petroli ya pikipiki huko Kasongo ameshachangia kabla hajashika jembe.

Barza

Barza, ile sehemu ya mbele ya nyumba iliyo chini ya paa, ndipo mambo ya mtaa husemwa kabla hayajafika kwa shefu: mpaka wa kiwanja, deni la likelemba, ambayo ni akiba ya kupokezana kati ya wanachama, na mchango wa kilio, yaani msiba. Katika jimbo lenye Waislamu wengi kuliko mengine ya nchi, na lenye pia jimbo katoliki lenye makao yake Kasongo, kilio huwakutanisha wote, na anayekosa kwenda kwa jirani kwa sababu ya dini huonekana amevunja ujirani.

Ujenzi wa nyumba za pembe nne zenye barza, kilimo cha mpunga na Kiswahili chenyewe vilienea huku katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara waliotoka pwani, na Kasongo ilikua kuwa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, na ya mwanawe Sefu, mpaka majeshi ya Dola Huru ya Kongo, chini ya Francis Dhanis, yalipouteka mji mwezi Aprili 1893. Mahali pa mji ule huitwa Tongoni, na katika miaka ya 2010 wanaakiolojia wa Kongo na wa Ubelgiji walipachunguza wakiwasikiliza pia wazee wa huko. Mji ule ulijengwa kwa pembe za ndovu na kwa jasho la mateka, na mtaa unaoukumbuka bila kuficha upande wowote unafanya kazi ambayo vitabu vya shule havijaikamilisha. Kuupa ulinzi wa kisheria, kwa mipaka inayojulikana na mlinzi anayelipwa, si kazi ya wazee wa barza.

Wageni wa Kabambare

Makundi yenye silaha katika Kabambare yamewalazimisha watu wengi kuhama vijiji vyao kwa vipindi mbalimbali, na wengi hawakuishia kambini bali katika nyumba za ndugu na marafiki. Upande wa Salamabila, mgodi wa dhahabu wa Namoya ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 na kusimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama, huku wachimbaji wadogo wakiendelea kutafuta riziki yao katika eneo hilo. Familia inayowapokea wageni hupika sombe, yaani kisamvu, kwa sufuria ileile kwa watu walioongezeka maradufu, na mstari wa chemchemi hurefuka bila bomba kuongezwa. Msaada unaopelekewa waliohama peke yao, ukimsahau aliyewafungulia mlango, huuchosha ukarimu ambao ndio umewasitiri watu hao tangu siku ya kwanza.

Chanjo

Kasongo ina nafasi yake katika historia ya afya ya umma duniani. Katika miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo, ulioungwa mkono na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ulijaribu mpango ambao kila kituo cha afya kinawahudumia watu wanaojulikana, huku hospitali moja ikipokea wagonjwa wanaokizidi kituo uwezo. Mwaka 1981 timu ya mradi huo ilichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi kuhusu chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35, ikiuliza kama mtoto aliyeepushwa na surua huendelea kuishi au huchukuliwa na ugonjwa mwingine. Swali hilo lilizua mjadala mrefu, na tafiti za baadaye katika nchi nyingine zilithibitisha faida kubwa ya chanjo hiyo kwa uhai wa watoto.

Leo Maniema imegawanywa katika zoni za afya 18, na sita kati yake zimo katika teritwari hizi mbili: Kasongo, Kunda na Samba kwa upande mmoja, Kabambare, Lusangi na Salamabila kwa upande wa pili. Mtaani, relee, yaani mjitoleaji wa afya, hupita nyumba kwa nyumba, naye ndiye anayejua nani amejifungua na nani amehamia. Lakini ujuzi wake haufai kitu ikiwa friji ya kituo haikukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mlipuko wa surua ulioanza nchini mwaka 2019 ulikuwa umeua zaidi ya watu 6,000 kufikia Januari 2020, wengi wao watoto wadogo.

Cheti cha mtoto

Sheria ya Kongo inataka mtoto aandikishwe katika ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, bila malipo. Muda huo ukipita, familia hulazimika kutafuta hukumu ya mahakama, jambo linalomaanisha safari na gharama. Katika nchi ambayo sensa yake ya mwisho ilifanywa mwaka 1984, na ambayo kadi ya mpiga kura imetumika kwa miaka mingi badala ya kitambulisho, mtoto asiye na cheti huanza maisha bila karatasi hata moja inayosema yeye ni nani, na mtoto wa familia iliyokimbia Kabambare ana sababu zaidi ya kuihitaji.

Hapa mkono wa jirani na wajibu wa serikali vinaweza kukutanishwa kwa urahisi. Mama humpeleka mtoto kwenye chanjo akiwa na wiki 6, kisha wiki 10, na ziara zote mbili zimo ndani ya siku 90. Relee anamjua, kituo kinamwandika, anayekosekana pale ni afisa wa hali ya raia peke yake. Akipangiwa kukaa na daftari lake kwenye kituo siku za chanjo, watoto wengi wataandikishwa bila safari ya pili na bila mahakama. Mpango huo hauhitaji barabara mpya wala jengo jipya. Unahitaji agizo la msimamizi wa teritwari na nauli ya afisa, na wakaazi wanaotoka salongo kila Jumamosi wana haki ya kuudai.