Mazoezi ya Tenisi Yasigeuke Adhabu

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tumezoea kuitumia kwa adabu na masomo, lakini inahusu mwili pia. Kijana anayependa mchezo akiwa sekondari huenda akaucheza hata akiwa na wajukuu. Anayeuchukia akiwa na miaka 15 ni vigumu kumrudisha uwanjani akiwa na miaka 40, siku daktari anapomwambia kuwa shinikizo la damu limepanda.

Kati ya michezo inayofaa kwa maisha yote, tenisi imo mstari wa mbele. Haihitaji watu 22. Wawili wanatosha, na hata wazee huicheza. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa mjini Copenhagen, Denmark, uliowafuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 kwa muda wa hadi miaka 25. Wacheza tenisi walionekana kuwa na matarajio ya kuishi miaka 9.7 zaidi ya watu wasiofanya mazoezi. Wakimbiaji wa polepole walizidi kwa miaka 3.2. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kwamba raketi peke yake ndiyo iliyoongeza miaka hiyo. Hata hivyo wataalamu hao walitaja jambo la kuzingatia: michezo inayokutanisha watu ndiyo iliyoonekana kuwa na manufaa makubwa zaidi.

Kosa liko wapi?

Kwa maoni yangu, timu nyingi za sekondari huwapoteza vijana kwa jinsi mazoezi yanavyoendeshwa. Tufanye hesabu. Wachezaji 12 wanapanga mstari katika uwanja mmoja, mwalimu anamrushia mmoja mmoja mpira, kisha anarudi nyuma ya mstari. Katika saa nzima kila kijana amecheza dakika 5 tu, na dakika 55 amesimama. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kila siku. Tuko mbali sana.

Tena, anayekosa mpira huambiwa azunguke uwanja mara tano. Hapo tunamfundisha nini? Kwamba kukimbia, jambo lililo dawa kwa mwili, ni adhabu.

Michezo minne ya kujaribu

1. Kuhesabu pamoja. Uwanja wa tenisi una upana wa mita 10.97 kwa mchezo wa wawili wawili. Ugawe kwa chaki uwe vijia vitatu. Wachezaji sita wanapigiana mpira polepole karibu na wavu, kila jozi ikihesabu mipigo bila kukosa. Wanashindana na hesabu yao ya jana. Sita wengine wapige mpira ukutani, kisha wabadilishane.

2. Mfalme wa uwanja. Vijia ni vilevile vitatu. Baada ya dakika 4 mshindi anapanda kijia cha juu na aliyeshindwa anashuka kimoja. Hakuna anayekaa chini, na baada ya zamu chache kila mmoja anakutana na wa kiwango chake.

3. Kuzunguka dunia. Mchezaji anapiga mpira, anakimbilia upande wa pili wa wavu na kungoja zamu yake huko. Wote wakimbie mwelekeo mmoja wasigongane. Mchezo huu unapendwa sana katika timu za shule za Marekani, lakini desturi yake ni kumtoa anayekosa. Hapo mimi sikubaliani. Anayetoka kwanza ni yule dhaifu, ndiye hasa anayehitaji kukimbia. Afadhali timu nzima ihesabu mipigo yake pamoja.

4. Kulenga shabaha. Panga makopo matupu katika eneo la kuanzishia mpira, timu mbili zishindane kuyaangusha. Mipigo isiwe mingi mno, maana bega la kijana anayekua huumia upesi.

Kwa wanaoanza, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilianzisha mwaka 2007 mpango wa kutumia mipira ya polepole: mwekundu hupunguza mwendo kwa asilimia 75, wa rangi ya chungwa 50, na wa kijani 25. Pasipo mipira hiyo, mpira wa zamani uliopungua nguvu utasaidia.

Tahadhari

Vijana wapashe mwili joto kwanza kwa dakika 10. Maji yawepo karibu, nao waruhusiwe kunywa bila kuomba. Mipira iliyozagaa iokotwe, kwa kuwa kuikanyaga huteguza kifundo cha mguu. Mwenye pumu awe na dawa yake uwanjani. Anayeona kizunguzungu juani apelekwe kivulini mara moja, apozwe kwa maji, na asipopata nafuu upesi apelekwe hospitali.

Je, huu si mchezo mtupu?

Wapo walimu watakaosema kwamba raha itawafanya vijana wasijifunze kwa bidii. Nami nawauliza: nani hujifunza zaidi, aliyepiga mipira 20 au aliyepiga 200? Mwalimu asiyeshinda akirusha mipira anapata nafasi ya kupita kwa kila mmoja na kumrekebisha mshiko wa raketi. Bidii haijaondoka, imepata mlango mwingine wa kuingilia.

Basi wazazi, mwanao akirudi kutoka mazoezini, usiishie kumwuliza kama ameshinda. Mwulize kama amecheza. Nanyi walimu, mwisho wa muhula hesabuni vikombe mkipenda, lakini hesabuni pia ni wangapi kati ya wale 12 bado wanakuja.