Umeme wa paani na giza la Julai: Kasoro ya kanuni za mita za pande mbili

ANAYESAFIRI mchana kutoka Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu huona vitu viwili ambavyo kwa muda mrefu vimekaa pamoja bila kujuana. Cha kwanza ni nyaya za Kenya Power zinazoandamana na barabara. Cha pili ni paneli za sola juu ya mabati: kwa mwenye duka, kwa mwalimu mstaafu, juu ya bweni la shule, juu ya hoteli ya wageni.

Mara nyingi nyumba moja huwa na vyote viwili. Hata hivyo, ndani yake mna swichi ya kugeuza: ama stima, ama sola. Ifikapo saa saba mchana, betri ikiwa imejaa na wenye nyumba wakiwa shambani au kazini, umeme ambao paneli hizo zingeweza kutoa hauna pa kwenda.

Hasara hiyo ndiyo iliyokusudiwa kuondolewa na Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Kifungu cha 162 kinamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kutia saini mkataba na msambazaji, awekewe mita inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, na ahesabiwe kile alichokitoa. Ilichukua miaka mitano kabla ya kanuni za kutekeleza kifungu hicho kuchapishwa, mwaka 2024.

Kanuni zenyewe ni fupi kueleweka. Kwa kila yuniti mbili anazotuma kwenye gridi ya taifa, mteja hurejeshewa moja. Halipwi pesa taslimu. Anahesabiwa yuniti za akiba ambazo hupunguzwa katika ankara yake. Akiba hiyo huendelea kutoka mwezi hadi mwezi, lakini isiyotumika kufikia mwisho wa mwaka wa fedha, yaani Juni 30, hufutwa.

(Mteja wa aina hii, aliye mnunuzi na mzalishaji kwa wakati mmoja, bado hajapata jina la Kiswahili lililokubalika. Nimeona “mzalishaji-mlaji” likijaribiwa na nikalikata kwa kalamu nyekundu. Hapa nitamwita mwenye paa.)

Mjadala mwingi uliofuata umekwama kwenye ile nusu. Wauzaji wa sola hulalamika kwamba mwenye paa anapunjwa. Tuchukue mfano wa nyumba moja pale Makutano mjini Meru, inayonunua yuniti 160 kwa mwezi, nyingi zikiwa za jioni na usiku, na kutuma 120 za mchana. Kwa kanuni za sasa inarejeshewa 60 na kulipia 100. Lau ingehesabiwa yuniti kwa yuniti, ingelipia 40 tu. Pengo la yuniti 60 kila mwezi si dogo kwa aliyekopa chamani kununua paneli.

Hata hivyo, mwandishi huyu hashawishiki kwamba nusu ndiyo kasoro kubwa. Kenya Power nayo ina hoja. Nyaya, nguzo na transfoma hugharimu pesa, na katika miaka ya hivi karibuni kati ya asilimia 21 na 23 ya umeme inaonunua kampuni hiyo umepotea kabla ya kulipiwa, ama kwa ubovu wa mitambo ama kwa wizi. Mwenye paa huitumia gridi kama ghala: anaweka mchana na kuchukua usiku. Ghala lina kodi. Jimbo la California nchini Marekani, lililowahi kuwahesabia wenye paa bei kamili ya rejareja, lilipunguza sana malipo hayo kwa wateja wapya kuanzia Aprili 2023, kwa hoja kwamba wasio na paneli walikuwa wakibebeshwa gharama ya nyaya.

Kasoro iliyo nzito zaidi ni kwamba kanuni zetu hazijui saa, na wala hazijui majira ya mwaka.

Tuanze na saa. Mahitaji ya umeme nchini, ambayo mwaka 2025 yalivuka kilele cha megawati 2,300, hufikia upeo kati ya saa moja jioni na saa nne usiku. Huo ndio wakati ambapo taa huwashwa, televisheni hufunguliwa, pasi huchomekwa na watu huoga maji moto. Ndio wakati mitambo ya mafuta, iliyo ghali, huhitajika, na ndio wakati umeme unaonunuliwa Ethiopia tangu mwishoni mwa 2022 huwa na thamani kubwa kwetu. Usiku wa manane mambo hugeuka: mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia.

Nyumba iliyounganishwa na gridi kwa akili ni ile inayolijua hilo. Watu wengi wakisikia habari za nyumba zinazoendeshwa kwa kompyuta hufikiria mapazia yanayojifunga na taa zinazoitika sauti. Kwa gridi, hayo ni mapambo. Kinachoifaa gridi ni hita ya maji inayojizima saa moja jioni na kujiwasha saa sita usiku, pampu ya kisima inayojaza tangi saa sita mchana jua likiwa utosini, na betri ambayo, badala ya kulala imejaa, hutoa umeme wake saa mbili usiku jirani anapouhitaji.

Kenya ilikuwa na mbegu ya jambo hili zamani. Katika jedwali la bei la mwaka 2008 lilikuwemo fungu la wateja waliopashia maji moto kwa umeme wa bei nafuu, mradi kampuni iwe na uhuru wa kuwakatia saa za kilele. Hakuna aliyeiita teknolojia ya kesho. Fungu hilo halimo katika bei zilizoanza Aprili 2023.

Bei hizo za 2023 hazikusahau saa kabisa. Mwenye gari au pikipiki ya umeme aliwekewa Sh16 kwa yuniti, na nusu yake, Sh8, akichaji saa ambazo mahitaji ni madogo. Viwanda navyo vilianza kupewa nafuu ya usiku Desemba 2017. Mwenye nyumba ndiye aliyeachwa: kwake yuniti ya saa mbili usiku na ya saa tisa alfajiri ni mamoja. Bei yake hupanda kulingana na wingi wa matumizi, kutoka yuniti 30 za kwanza hadi zile zinazozidi 100, wala haiangalii saa.

Na ndivyo ilivyo kwa anachokitoa. Yuniti iliyotoka paani saa saba mchana hurejeshewa nusu. Iliyotoka kwenye betri saa mbili usiku, na pengine kuiokoa transfoma ya mtaa mzima, hurejeshewa nusu hiyo hiyo. Kwa nini basi mwenye betri ajisumbue?

Kwa upande huu wa Mlima Kenya, swali hilo lina uzito wa pekee kwa sababu ya mabwawa ya mto Tana. Vituo vitano vya Seven Forks, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, vilivyofunguliwa kati ya 1968 na 1988 kwenye mpaka wa kusini wa Embu, vina uwezo wa karibu megawati 600. Gitaru peke yake, yenye megawati 225, ndiyo kubwa kuliko vituo vyote vya maji nchini. Maji yale yale hushuka kutoka kituo hadi kituo, na Masinga ndiyo ghala kuu linaloyatunza.

Umeme wa maji una sifa moja ambayo jua halina: unasubiri. Mlango wa bwawa ukifungwa mchana, maji hubaki yalipo hadi jioni. Kwa hiyo kila yuniti ya jua inayotumika Meru, Chuka au Embu saa saba mchana yaweza kuacha kiasi fulani cha maji Masinga kwa ajili ya saa mbili usiku. Nchi nyingine hununua betri za mabilioni ili kupata huduma hiyo. Sisi tulishaijenga.

Isitoshe, jua na mto hupokezana. Mnamo Juni 2009 kituo cha Masinga kilifungwa kwa kukosa maji, na mgao wa umeme ukafuata mwaka huo. Ukame kama ule ndio msimu ambao paneli hufanya kazi vizuri kabisa. Miezi ya Januari hadi Machi, mabwawa yanapopungua, ndiyo miezi ya jua kali zaidi katika nyanda za Imenti na Mbeere.

Hapa ndipo suala la majira linapoingia. Mkazi yeyote wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya anaijua Julai: ukungu tangu asubuhi, manyunyu, baridi ya kuvaa koti mchana kutwa. Katika ukanda wa majani chai jua huweza kupotea kwa siku nyingi mfululizo. Mwenye paa aliyejiwekea akiba ya yuniti tangu Januari angeihitaji hasa wakati huo. Kanuni zinaifuta Juni 30.

Sidhani kwamba kuna aliyekaa chini kupanga kumdhulumu mkulima wa Imenti Kusini. Tarehe hiyo ni ya wahasibu. Vitabu hufungwa siku hiyo na basi. Lakini tarehe ya wahasibu imeangukia mlangoni mwa majira ya giza, na matokeo ni yale yale.

Viwanda vya kahawa vya vyama vya ushirika vinaumia zaidi. Kiwanda cha kumenya kahawa kina paa pana na mashine ambazo hunguruma hasa msimu mkuu wa Oktoba hadi Desemba, kisha hupumzika kwa miezi kadhaa isipokuwa kwa mavuno madogo ya katikati ya mwaka. Mteja wa namna hiyo ndiye anayefaa kuunganishwa na gridi kuliko wote: anazalisha miezi mingi, anatumia michache. Ila akiba yake ya Februari na Machi haitafika Oktoba. Shule za bweni zina bahati kidogo, maana yuniti za likizo ya Aprili zaweza kutumika muhula wa pili kabla ya tarehe hiyo, na zile za Desemba zikatumika Januari.

Haya hayaelezwi kwa watu ambao hawajawahi kuuza umeme. Kiwanda cha Majani Chai cha Imenti kilianza kuingiza ziada ya mtambo wake mdogo wa maji kwenye gridi ya taifa kuelekea mwaka 2010, chini ya sera ya bei maalumu ya 2008, na katika taarifa za mwaka za Kenya Power kimeorodheshwa kwa megawati 0.3. Ni tone katika bahari. Lakini wakulima waliona kwamba waya waweza kupitisha umeme kwenda pande zote mbili, na kwamba kampuni huweza kulipa.

Jambo moja la kiufundi linafaa kuwekwa wazi, kwa kuwa limewavunja moyo wengi baada ya kulipa fundi. Mtambo wa sola ulioungwa na gridi bila betri huzimika gridi inapozimika, hata jua likiwa linawaka. Ni kwa usalama wa fundi aliye juu ya nguzo, asije akapigwa na umeme wa nyumba fulani akidhani waya umekufa. Katika eneo ambako mti ukianguka wakati wa mvua waweza kukata stima kwa siku nzima, na baada ya giza la nchi nzima la Agosti 25, 2023, mwananchi anayenunua sola hutaka kwanza kinga dhidi ya kukatikiwa. Kwa hiyo atanunua betri. Akishanunua betri, na gridi ikiwa haimpi sababu yoyote ya kuitumia kwa faida ya wote, hatua inayofuata ni kuiaga gridi.

Pakistan imeonyesha mwendo huo. Mwaka 2024 pekee nchi hiyo iliingiza paneli za takriban megawati 17,000, nyingi zikipandishwa juu ya nyumba na viwanda vya watu waliochoshwa na bei. Wenye uwezo walipopunguza kununua, gharama ya mitambo iliyokwishajengwa ikawaelemea waliobaki.

Waliobaki, kwetu, ni akina nani? Kuna vijiji vya Mbeere ambavyo nyaya kubwa kutoka Kiambere na Gitaru zimepita juu yake kwa miongo, watu wakitazama umeme ukienda Nairobi. Wengi wao waliunganishwa baada ya mradi wa kuwafikishia stima wananchi kuzinduliwa mwaka 2015, ada ilipopunguzwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Sensa ya 2019 ilikuta nusu ya familia za Kenya, asilimia 50.4, zikitumia umeme wa gridi kwa taa, na asilimia 19.3 zikitumia sola. Mama mwenye balbu tatu na redio hana paa la kuuzia umeme. Anachohitaji ni kwamba hoteli, shule na kiwanda cha kahawa vibaki kwenye waya ule ule pamoja naye, ili gharama ya nguzo isimwangukie yeye.

Marekebisho yanayotakiwa hayahitaji sheria mpya Bungeni. Kifungu cha 162 chatosha. Kanuni ndizo za kuguswa. Akiba ya yuniti ihesabiwe kwa miezi 12 tangu siku ilipotumwa, badala ya kukatwa Juni 30. Yuniti ya mchana ibaki kwenye nusu kama ni lazima, lakini ile inayotolewa saa za kilele irejeshewe kamili. Na mwenye nyumba anayekubali hita au pampu yake izimwe jioni apewe bei nafuu ya usiku, kama wanavyopewa wenye viwanda na pikipiki za umeme.

Bei zilizoanza Aprili 2023 zilipangiwa kipindi cha hadi Juni 2026, na mapitio ya bei huambatana na maoni ya umma mbele ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli. Vikao vya namna hiyo hujaa wawakilishi wa viwanda vya Nairobi na mawakili wao. Mwenyekiti wa chama cha kahawa kutoka Imenti au Runyenjes angeweza kwenda na karatasi mbili tu: ankara ya umeme ya Machi, na ya Julai.