Kwanza tuamue watalala wapi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa,
Kilwa Masoko.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALAZI YA WATEMBEA KWA MIGUU KATIKA VILIMA VYA MATUMBI

Nakuandikia kutoka Nangurukuru, njia panda ya wilaya yetu. Wageni wanaoshuka hapa kutoka Dar es Salaam wengi wao hukata kushoto: Kivinje, Masoko, kisha mashua hadi magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Wanalala usiku mmoja au miwili, wanarudi walikotoka. Vilima vya Matumbi wanaviacha bila kujua kwamba vipo.

Naiomba Halmashauri ifungue njia rasmi ya miguu ya siku kadhaa, kutoka Kilwa Kivinje kupanda hadi Kipatimu, Nandete na Kibata. Na naomba kazi hiyo ianze na malazi. Mabango, ramani na vipeperushi vifuate baadaye.

Sababu za kupanda tunazo. Kivinje ndiko Wajerumani walikomnyonga mpinzani wao Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Nandete ndiko, mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi walikong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kibata ilipiganiwa na majeshi ya Waingereza na Wajerumani kuanzia Desemba 1916 hadi Januari 1917, huku wapagazi Waafrika wakipandisha risasi na vyakula vichwani. Ongeza mapango, likiwemo Nang'oma. Historia ya namna hii haieleweki kwa kuipitia garini. Anayepanda kwa miguu ndiye anayetambua kwa nini jeshi la kigeni lilipata tabu kuwafuata Wamatumbi katika vilima hivyo.

Lakini siku za kutembea zina usiku katikati yake, na njia ya miguu hufa au hudumu kutokana na usiku huo. Kilimanjaro walilielewa hili mapema. Kwenye njia ya Marangu, vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo ndivyo vinavyogawa safari, na vitanda vyake ndivyo vinavyoweka kikomo cha wapandaji. Sisi hatuna mlima wa theluji wala hatuhitaji vibanda vya aina hiyo. Vilima vyetu vina watu, mashamba, misikiti na misheni. Mfano unaotufaa zaidi uko Usambara, ambako mgeni hutembea siku kadhaa kutoka Lushoto hadi Mtae akilala katika gesti za vijijini na kwa masista wa Rangwi. Jioni anakula alichopika mwenyeji, asubuhi analipa na kuaga.

Jambo la kwanza la kupima ni maji. Mawe ya Matumbi kwa sehemu kubwa ni chokaa. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi, na ndiyo yaliyochonga yale mapango. Kiangazi kikikolea, katika vitongoji vingine chemchemi huwa mbali. Nimemwona mama mmoja huko juu akitua ndoo ya lita 20 mlangoni kwake, majani mabichi yakielea juu ya maji yasimwagike njiani, ngata ingali kichwani. Mgeni aliyelala hapo aliimaliza yote kwa kuoga, kisha kwa adabu kabisa akaomba nyingine. Hakuna aliyekuwa amemweleza ndoo ile imetoka wapi. Sasa tuchukue kundi la watu kumi, waongozaji wakiwemo. Kila mmoja akitumia ndoo moja kwa kunywa, kupikiwa na kuoga, ni ndoo kumi kwa usiku mmoja, na kila ndoo ina mwanamke au binti aliyeibeba. Tukiwaleta wageni kabla ya matangi ya kuvunia maji ya mvua, tutakuwa tumewatwisha akina mama gharama ya utalii wetu.

Kwa hiyo vituo vichaguliwe kwa kufuata maji, hata kama siku moja itakuwa fupi na nyingine ndefu. Hata hivyo, hakuna siku inayopaswa kumfikisha mtu kituoni baada ya saa tisa alasiri. Joto letu linataka watu waondoke alfajiri, na tembo, ambao wakulima wa wilaya hii wanawajua vizuri mno, hutembea giza likiingia. Kituo kisiwekwe kwenye mapito yao, na kila kituo kiwe na namba ya simu ya askari wa wanyamapori na ya zahanati iliyo jirani. Machi hadi Mei njia ifungwe. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata hata barabara kuu kule Somanga. Sembuse barabara ya udongo ya kupanda Kipatimu.

Jambo la pili ni nani mwenye kituo. Wilaya yetu ina somo lake. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu mwaka 2009, vikauza mpingo wake kwa utaratibu viliojiwekea, kwa sababu msitu ulikuwa wa kijiji kisheria na mkutano mkuu ulijua kilichoingia na kilichotumika. Malazi yaende vivyo hivyo. Kijiji kiamue kupitia mkutano mkuu kama kinataka kituo, kitunge sheria ndogo, kiweke idadi ya wageni kwa usiku mmoja, na fedha za kitanda zilipwe kwa risiti ya kijiji. Anayepika na anayeteka maji alipwe siku hiyohiyo, mkononi mwake. Kijiji kikikataa, njia ipite bila kulala hapo.

Nafasi zote za kulala zitolewe mahali pamoja, na hapo ndipo Nangurukuru inapofaa: mabasi yanasimama, simu zinashika, gesti zipo. Dawati moja lenye daftari linatosha kumwambia mgeni kama kitanda chake cha kesho kutwa kipo, kabla hajaanza kupanda.

Ndugu Mkurugenzi, ombi langu la kuanzia ni dogo. Kiangazi kijacho mtume afisa utalii, afisa maendeleo ya jamii na mtu wa maji waitembee njia hii kwa miguu pamoja na wenyeviti wa vijiji, walale watakapolala wageni, na wahesabu ndoo. Taarifa yao isomwe kwenye mikutano ya vijiji kabla ya kufika kwenye kikao cha madiwani. Mimi niko tayari kuwabebea mizigo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Nangurukuru