Shukrani Ina Wajibu Pande Zote Mbili

Shukrani hutolewa kwa kinywa, kwa mwili au kwa tendo. Kila jamii ina njia inayoitegemea zaidi, na aliyelelewa katika njia moja hukosea anapowahukumu wengine kuwa hawana fadhila.

Waganda wamejaliwa shukrani ya kinywa. Kwao mpita njia humshukuru hata mkulima aliyemkuta akilima shamba lake mwenyewe, na anayeshukuriwa naye hushukuru kwa kuthaminiwa. Shukrani ya mwili nayo hufundishwa utotoni: katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtoto hupokea kwa mikono miwili, na kwa Wasukuma mwanamke hupiga goti.

Shukrani ya tendo ndiyo nzito zaidi. Uswahilini, sahani iliyoleta futari hairudi kwa jirani ikiwa tupu. Japani desturi ya namna hiyo ina kipimo: waliofiwa wakipokea pesa za rambirambi, humpelekea mtoaji zawadi yenye thamani inayokaribia nusu ya alichotoa. Tanzania wafiwa hulipia tangazo la shukrani gazetini, na harusi ikiisha, wanakamati walioiandaa hukutana tena kula na kunywa katika sherehe ya kuvunja kamati.

Wapo pia wasiotamka kitu. Utafiti wa lugha 8 za mabara 5, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba baina ya watu wanaofahamiana, aliyesaidiwa hutamka shukrani takriban mara 1 tu kati ya 20. Wazungumzaji wa Cha'palaa nchini Ecuador hawana hata neno maalumu la kushukuru, na bado husaidiana kila siku. Anayeombwa chumvi leo ndiye atakayeomba maji kesho. Ukimya wao umejengwa juu ya kuaminiana.

Hata hivyo, haifai ukimya huo ugeuzwe kisingizio. Jirani atalipwa kesho kwa msaada mwingine, lakini muuguzi wa zamu, karani au mgeni aliyeonyesha njia huenda asionekane tena. Kwa watu hao neno la shukrani ndilo malipo pekee, na kuwanyima ni dhuluma.

Anayeshukuriwa naye ana wajibu. Mwarabu hujibu kwamba wajibu haushukuriwi, Mfaransa kwamba si kitu, na Mswahili hupokea kwa neno “starehe” au “karibu”. Majibu yote hayo huupunguza uzito wa tendo, ili aliyesaidiwa asione haya. Adui wa upole huo ni masimango: mtu kuhesabiwa mbele za watu wali aliolishwa na karo aliyolipiwa. Anayesimanga amejilipa mwenyewe, na hana tena anachodai. Ndiyo maana wahenga walisema, tenda wema nenda zako.

Yafaa basi wazazi wawafundishe watoto mambo yote mawili: aliyetendewa ashukuru kwa njia ambayo mtendaji ataielewa, na aliyeshukuriwa apokee kwa upole, kisha asikumbushe.