Wasichana Nao Wapewe Kiwanja



Kuko wadada wengi hapa Uvira wanaosema kwamba voleboli inaweza kumufikisha msichana kwenye koleji ya Marekani bila wazazi kulipa. Ni kweli. Mwaka 1972 serikali ya kule ilitoa sheria: shule inayopokea feza zake isibague wasichana, hata kwa michezo. Ndiyo maana makoleji mengi yanatafuta wachezaji wasichana na kuwalipia masomo.

Lakini wanachaguliwa namna gani? Kocha anatazama kwanza video ya mechi: unavyopokea mpira, unavyoruka, unavyosaidia wenzako. Kisha anauliza karatasi za shule. Makoleji ya daraja la kwanza yanahesabu masomo 16 ya sekondari, na Kiingereza kinapimwa pia. Ukianguka darasani, kupiga mpira kwa nguvu hakutakuokoa. Na mtu anayeomba feza kwanza ili akupeleke, tumuogope.

Tutazame wasichana wa Kenya. Hadi 2023 walikuwa wamechukua kombe la Afrika mara 10. Walifika Olimpiki ya Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo 2021 na Paris 2024. Kule shule za sekondari kama Kwanthanze, ya Machakos, zinalea wachezaji tangu wakiwa wadogo.

Kwetu je? Kiwanja ni kimoja tu. Kila saa kumi wavulana wanakiingia na futiboli yao. Wavu unafungwa siku ya sikukuu. Saa ile wasichana wanachota maji na kufagia. Halafu tunawacheka kwamba hawajui kucheza! Wajifunze saa ngapi?

Wengine wanasema mchezo huu haumufai binti Mkristo. Wajue kwamba ulianzishwa mwaka 1895 na William G. Morgan, ndani ya chama cha vijana Wakristo cha Holyoke, Marekani.

Kwa hiyo tunamuomba Muheshimiwa Prefe: Jumanne na Alhamisi kiwanja kiwe cha wasichana, na kazi za maji na ufagio tugawane sote. Wavulana, musikasirike, siku zingine zinabaki zenu.

Sisi wafinalisti tutaondoka bila kuonja faida hiyo. Tunasema kwa ajili ya wadogo wetu. Pengine hakuna hata mmoja atakayefika Marekani, maana wanaochaguliwa ni wachache. Lakini talanta isifukiwe udongoni kwa sababu ya ndoo ya maji.