Bonde la Msimbazi Liwekewe Meza za Bao

Jumapili mchana, maduka mengi ya Kariakoo yakiwa yamefungwa na malori ya mizigo yamepungua, ndipo unapoonekana vizuri mchezo wa bao na drafti unavyoishi katikati ya Dar es Salaam. Ubao umelazwa juu ya kreti za soda. Wawili wamekaa kwenye ndoo zilizofudikizwa, wengine wamewasimamia wakipiga hesabu kimoyomoyo, na kivuli chenyewe ni cha ukuta wa jengo la mtu. Mlinzi akitoka na kusema hapa patakuwa na gari la kushusha mzigo, ubao unabebwa na mchezo unahamia upande wa pili wa barabara, au unaishia hapo. Watu wengi wakiona hivyo husema bao linakufa kwa sababu vijana wamekimbilia simu. Mimi sikubaliani nao. Bao la Kariakoo halijaachwa na wachezaji wake, bali limenyang'anywa mahali pa kukaa, na kwa kuwa sasa bonde la Msimbazi linapangwa upya, jiji lina nafasi ya kulirudishia mahali hapo kwa gharama ndogo sana.

Tuanze na nyumba. Kariakoo ilipangwa wakati wa ukoloni kama mji wa Waafrika, mitaa iliyonyooka inayokatizana, viwanja vidogo, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kuutenga na Uhindini. Juu ya viwanja hivyo ikasimama nyumba ya Kiswahili tunayoijua: korido katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, na kibaraza mbele. Kibaraza kilikuwa mali ya mwenye nyumba lakini matumizi yake yalikuwa ya mtaa mzima. Hapo ndipo palipokaliwa jioni, muuza kahawa akapita na birika lake, na ubao ukatolewa ndani. Kisha likaja soko huria, na kuanzia miaka ya 1990 nyumba hizo zikaanza kuvunjwa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa. Ghorofa la Kariakoo halina kibaraza. Chini lina fremu za maduka zilizosogea hadi mwisho wa kiwanja, kwa sababu kila hatua ya ardhi pale ina kodi yake. Hakuna diwani aliyekaa akatunga sheria ndogo ya kuua bao, ila bei ya ardhi ilifanya kazi hiyo kimyakimya. Anayetaka ushahidi avuke maji aende Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000. Baraza za mawe bado zimeshikana na kuta za nyumba, na pale Jaws Corner wazee na vijana wanacheza bao na dhumna juu ya kahawa kila siku. Simu wanazo pia. Walichobaki nacho, na Kariakoo imekipoteza, ni baraza.

Huenda mtu akauliza mchezo wa mbegu na mashimo una nini hata jiji lisumbuke nao. Basi na atazame ubao kwa karibu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, kwa desturi mbegu za mkomwe. Kila mchezaji anaanza na kete sita ndani ya shimo linaloitwa nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia, na 22 mkononi. Katika hatua ya namua kila zamu inaingiza kete moja kutoka mkononi. Zikishaisha, mchezo unaingia mtaji, na hapo kila mtu anapigana kwa alichonacho ubaoni. Anayekula anazisambaza kete alizokula upande wake kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete mkono unaendelea, unakula tena au unachota na kusonga, mpaka kete iangukie shimo tupu na mchezaji alale. Zamu moja inaweza kuzunguka mara kadhaa hivyo, na fundi anajua itakapolala kabla hajagusa kete ya kwanza. Utamu mkubwa uko kwenye nyumba. Mchezaji anayekula, kete yake ya mwisho ikiingia ndani ya nyumba yake mwenyewe iliyoshiba, ana hiari ya kulala na kuitunza, au kuisafirisha na kuimwaga hazina yote safari moja. Akiitunza, inazidi kunona na mpinzani anazidi kuimezea mate. Akiisafirisha, haina tena hadhi ya nyumba. Uamuzi huo unafanywa mbele ya macho ya watu wanaojua hesabu, na mkono ukishachota haurudishwi. Mtafiti Mholanzi, Alexander de Voogt, alifanya utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar, ukachapishwa Leiden mwaka 1995, akichunguza akili ya binadamu inaweza kubeba hesabu ya namna hiyo hadi wapi. Yaani kijiwe kimoja cha bao kilitosha kuwa somo la chuo kikuu.

Na huu ni mchezo wa vita, jambo ambalo watu wanaolichukulia bao kama kipoza muda hulisahau. Ulaya nayo ina michezo yake ya vita vya mezani. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwapa wenzake ramani, vipande na dadu ili wajifunze kuongoza jeshi bila kumwaga damu. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu kizima cha sheria za kupigana kwa askari wadogo wa kuchezea. Leo Uingereza na kwingineko watu wazima wanakutana wikiendi kwenye kumbi za mitaa na maduka ya michezo, wanapanga meza nzima ya vilima, magofu na vikosi vya askari waliopakwa rangi mmoja mmoja kwa mkono, wanapima mwendo wa kikosi kwa utepe, wanarusha dadu kujua nani kafa. Ni burudani ya heshima, na siwacheki hata kidogo. Wamejitafutia meza, taa na choo, na marafiki wanaopotezana wiki nzima kwa sababu ya kazi wanaonana Jumamosi. Ila nikiweka michezo hii miwili bega kwa bega, naona bao lina mambo mawili makubwa. Kwanza halina dadu, kwa hiyo anayefungwa hana bahati ya kuisingizia. Pili, hakuna anayetolewa ubaoni. Kete 64 zilizoanza ndizo zinazomaliza. Aliyetekwa anaingia safu ya aliyemteka na kupigana upande huo, na kesho anaweza kutekwa akarudi. Sijui mchezo mwingine wa vita unaowaza ushindi kwa upana huo. Jeshi la askari wa plastiki, tena, ni ghali, wakati mkomwe unaota wenyewe ufukweni na visoda vya drafti vinaokotwa mlangoni mwa grosari.

Pingamizi la kwanza, na ndilo la zamani kuliko yote, ni kwamba vijiwe ni vya wavivu. Pingamizi hili lina historia nzito Dar es Salaam. Mwaka 1983, chini ya sheria ya Nguvu Kazi, watu waliokutwa mjini bila kitambulisho cha kazi walikamatwa na kurudishwa mashambani, na kukaa kijiweni mchana kulitosha kumtia mtu mashakani. Mwaka 2016 viongozi wakawakemea hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi. Lakini serikali hiyohiyo ina mashindano ya SHIMIWI, ambamo watumishi wa wizara na idara wanacheza bao, drafti, karata na vishale sambamba na mpira wa miguu na kuvuta kamba, na washindi wanapewa vikombe na viongozi. Michezo ya Mei Mosi nayo ina bao na drafti. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa mapenzi yake ya bao. Haiwezekani bao liwe michezo kwa mwenye ajira na uzururaji kwa asiye nayo. Zaidi ya hapo, anayewaita wavivu hajaielewa kazi ya Kariakoo. Mbeba mizigo anasubiri lori, dalali anasubiri mteja, dereva wa kirikuu anasubiri mzigo ukamilike. Kusubiri ni sehemu ya kazi yao, na swali ni wasubiri wakifanya nini.

Hapo ndipo linapoingia pingamizi la kamari, ambalo nalichukua kwa uzito. Ni kweli kuna ubao unaochezewa pesa. Lakini tembea Kariakoo utazame michezo ipi imepewa paa. Duka la kubeti lina viti, feni, taa na televisheni. Mashine za dubwi zina kona yake na soketi yake. Kijana mwenye saa mbili za kusubiri anakaribishwa kwa heshima mahali anapoacha pesa zake, na anafukuzwa mahali anapotumia akili bure. Asiyetaka vijana wamalizie mshahara kwenye mikeka hana budi kuwapa kitu kingine cha kukaa nacho, nacho kipo tayari, kinafahamika, na mtaani hakijakosa walimu. Ubao ulio wazi bustanini, kila apitaye akiuona, ndio mgumu zaidi kuchezea pesa.

Kuhusu wanawake, lawama inayotolewa ni ya haki. Kijiwe cha bao Kariakoo kimekuwa cha wanaume, na mwanamke anayesimama pale kutazama anaonekana amepotea njia. Lakini sioni sheria ya mchezo inayosema hivyo. Mei Mosi wanawake wana mashindano yao ya bao na wanacheza vizuri. Kinachowaweka mbali ni kwamba kijiwe ni cha watu fulani, kina wenyewe, kimebanana kwenye mlango wa baa au gereji. Meza iliyo kwenye bustani ya umma haina mwenyewe. Mama anayekuja na watoto Jumapili ataikalia bila kumwomba mtu ruhusa, na binti wa shule atajifunza hapo kwa babu yake. Na simu? Programu ya bao inakuhesabia kete na kukukataza kosa. Ubaoni kosa unalifanya, unarekebishwa na watu, na unalikumbuka.

Sasa bonde lenyewe. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua makumi ya watu Dar es Salaam na kuwahamisha wengine wengi hadi Mabwepande, ilieleweka kwamba sehemu ya chini ya bonde la Msimbazi haifai kuwa makazi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde hilo, na mpango wake unajumuisha daraja jipya la Jangwani, upanuzi wa njia ya maji na bustani kubwa ya jiji. Jangwani ni mwendo wa miguu kutoka Mtaa wa Msimbazi. Katika jiji ambalo sensa ya 2022 ililikuta na watu 5,383,728, kupata eneo la wazi la ukubwa huo karibu na katikati ni jambo ambalo halitajirudia. Wapo watakaosema penye mafuriko na mifereji iliyoziba, kuzungumzia bao ni kukosa kipaumbele. Ningekubali kama meza ingeshindania fedha na mfereji. Haishindani. Bustani itajengwa, mabenchi yatawekwa, na mtu atachora yakae vipi. Ninachoomba ni kwamba atakayechora ajue nani anakaa Kariakoo na anakaaje. Tena meza ya zege ndiyo samani pekee inayoweza kulala chini ya maji ya masika, ikaoshwa, ikatumika wiki ijayo.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi linatoka kwa wachezaji wenyewe. Wanasema serikali ikishaingia, mambo yanaharibika: kutakuwa na kibali, ada ya ubao, chama chenye mhuri na mwenyekiti asiyejua hata kutakata, yaani kucheza bila kula, na mwisho wa yote geti linalofungwa saa kumi na mbili. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu maeneo mengi ya wazi mjini yalikwenda hivyohivyo. Ndiyo maana napendekeza kidogo kwa makusudi. Jiji lisianzishe klabu wala ligi, wala lisimteue mtu. Lijenge meza za zege zenye mashimo 32 upande mmoja na miraba 64 ya drafti upande wa pili, mabenchi yenye nafasi ya watazamaji kusimama nyuma bila kumkalia mchezaji mabegani, miti ya kivuli cha kweli na si mitende ya mapambo, taa, bomba la maji, choo kinachofanya kazi, na eneo la muuza kahawa na kashata asifukuzwe na mgambo. Baada ya hapo liondoke. Kabla ya kuchora, wahandisi waende vijiweni Mchikichini, Gerezani na Kariakoo wakaulize shimo liwe na kina gani ili mkono uchote kwa mara moja, kwa sababu ubao wenye mashimo mafupi kete zinaruka na ugomvi hauishi. Na kete wasihangaike nazo. Wachezaji watakuja na zao.