Barabara ya Vita Haina Dizeli?

Hivi jamani, vijana wenzangu mnaoandika vita vya mwaka 2090, mbona barabara zenu zinaelea angani? Magari yanafyatua mionzi, shujaa anaitwa Jack, wala hakuna anayeishiwa mafuta. Huo ni uvivu, tena uvivu wa kuiga sinema!

Vita hula barabara. Novemba 1978 askari wa Idi Amin walilivunja daraja la Kyaka; wetu wakalazimika kuweka la muda ili mizinga ivuke Kagera. Malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kubeba askari. Na Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia mwaka 1965, mafuta ya Zambia yalibebwa kwa malori kutoka Dar, vumbi na matope, hadi bomba la TAZAMA lilipofunguliwa 1968. Riwaya hiyo, bwana, nani kaiandika?

Sasa tazama Dodoma. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu, halafu Nala tena. Mwaka 2090 adui kaishika Nala. Lori la Singida litapita wapi? Utingo atalala wapi? Nkuhungu tutakula nini? Andika hayo. Jack mrudishe kwao.